Faili Namba 212

Ofisi ya Kumbukumbu
Jumatano, 3 Machi

Mzee Waya,

Shikamoo. Natumaini koo linaendelea kupona na daktari ameacha kukutisha. Anwani yako nimepewa na binti yako tulipokutana stendi. Amesema huko mlimani simu haishiki mpaka mtu apande juu kwenye mnara, na hata ikishika, tangu operesheni sauti huna, kwa hiyo nikiwa na neno niandike barua nimpe kondakta wa basi la Jumatano au la Jumamosi. Basi na iwe barua. Ulinifundisha kompyuta miaka mitano, leo nakuandikia kwa kalamu kama mtu aliyeko jela. Usinicheke mwandiko.

Sisi hapa Makao tunasukuma siku. Watoto ni sabini na mmoja, na wadogo kabisa wamehamishiwa kile chumba kilichokuwa stoo ya karatasi. Vitanda kumi na kimoja vimeingia kama vile ulivipima wewe. Mama Mlezi amesafiri kutafuta wafadhili, atarudi katikati ya mwezi. Bampa bado ndiye dereva wetu na bado anaamini breki ni anasa. Alitimiza miaka ishirini na mitano mwaka jana, wewe ukiwa umeshastaafu, akafunguliwa faili lake. Picha ya vilivyokuwemo, aliyochapishiwa, ameibandika ndani ya gari juu ya usukani, na akiwa peke yake huongea nayo. Mwanzoni tulimcheka, kisha tukaacha.

Zamu yangu ni tarehe 30 mwezi huu. Sheria ya Makao unaijua, ni wewe uliyeitilia kufuli kwenye mashine: mtoto aliyeokotwa hasomi faili lake, wala mtu mwingine halisomi, mpaka afike ishirini na tano, mbele ya Mama Mlezi, mlango umefungwa. Miaka minane nimefanya kazi hatua mbili kutoka lilipo faili namba 212 na sijawahi kuchungulia. Kuna siku nilijiona mjinga. Lakini nilisema nitasubiri, nikasubiri, na sasa zimebaki siku ishirini na saba. Nataka kujua kitu kimoja tu, Mzee: kama yule aliyeniacha aliacha neno lolote.

Sasa swali. Ni la kujua tu. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, seva yenye mafaili yote ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na haikuwaka tena. Nadhani iliyokufa ni ile kadi inayoongoza diski. Diski zenyewe sita ni nzima. Kuna seva nyingine tumepewa na watu waliokuwa wanahama ofisi, nayo ina kadi ya kazi hiyo hiyo, ila imetengenezwa na kampuni tofauti. Je, mtu akizichomoa diski kwenye kadi ya zamani akazichomeka kwenye hii, mafaili yataonekana kama kawaida? Nauliza tu. Ningependa Mama akirudi akute mambo shwari.

Basi la leo nimelikosa, barua itapanda na la Jumamosi.

Wako,
Karani

Nimesahau: taa za diski zote sita zikipepesa kwa pamoja, muda wote, bila kupumzika, hiyo ni dalili nzuri, sivyo?


Nyumbani
Jumamosi, 6 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Koo limebaki bomba la kupitishia uji. Mke wangu anasema amepumzika kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Nimefurahi kuandikiwa, huku hakuna anayeniuliza kitu kuhusu mashine. Wananiuliza kama nimekula.

Jibu la swali lako ni hapana. Ngoja nikueleze, maana ukielewa hutasahau. Kila picha tuliyohifadhi imekatwa vipande, kila kipande kimelazwa kwenye diski yake, na pamoja navyo kuna kipande cha hesabu ya kuhakiki, ili diski moja ikifa zile tano ziweze kusema marehemu alikuwa na nini. Ni kadi peke yake inayojua kipande kipi kiko wapi, kina ukubwa gani, na diski ipi ni ya kwanza. Mambo hayo huyaandika mwishoni mwa kila diski kwa mwandiko wake. Kadi nyingine ya kampuni ile ile mara nyingi huusoma mwandiko huo, ikauliza kwa adabu: nimekuta mpangilio wa mgeni, niupokee? Kadi ya kampuni nyingine haijui kuusoma kabisa. Inaona diski sita tupu. Kwa furaha yake ya kijinga inakuuliza, niunde mpangilio mpya? Na ukisema ndiyo, inaanza kufuta, kuanzia mwanzo wa diski kwenda mwisho, ili kumwandalia mgeni nyumba safi.

Kwa hiyo usichomoe kitu. Ikiwa lazima uchomoe, chukua kalamu ya rangi, andika namba kwenye kila diski kabla haijatoka mahali pake, sifuri mpaka tano. Diski sita zina namna mia saba na ishirini za kupangwa na moja tu ndiyo ya kweli. Kisha tafuta kadi ya kampuni ile ile, hata mtumba, hata kwa wauza vyuma chakavu. Na skrini ikikuuliza swali lolote usilolielewa, jibu hapana. Hapana haijawahi kumwua mtu.

Nilikuwa nakunja barua hii nikaisoma tena yako. Nikauona ule mstari wa chini, baada ya jina lako.

Mwanangu, umeshafanya? Taa sita zinazopepesa kwa pamoja bila kupumzika si kusoma. Hakuna aliyekuwa anasoma chochote, ni nani angesoma? Hiyo kadi inafuta. Zima. Usitafute kitufe, chomoa waya ukutani. Namtuma binti yangu kesho asubuhi apande kwenye mnara akupigie, kwa sababu barua hii haitakufikia kabla ya Jumatano. Pokea simu.

Mzee Waya


Ofisi ya Kumbukumbu
Jumatano, 10 Machi

Mzee Waya,

Barua yako nimeipokea leo saa sita mchana, pale pale stendi nikaifungua, na nilipofika pale ulipoandika kuhusu simu ya binti yako nilianza kukimbia. Nimekimbia na viatu mkononi. Nimechomoa waya ukutani kama ulivyosema. Skrini ilikuwa imeandika asilimia tisini na nne.

Sasa nikuambie ukweli wote, maana nimechoka kuubeba. Nilipokuandikia tarehe tatu nilikuwa nimeshafanya jana yake. Nilizichomoa diski zote sita, nikazipanga juu ya meza, nikazifuta vumbi kwa kitambaa safi, nikaona fahari. Sikuandika namba. Nilizichomeka kwenye ile kadi nyingine, skrini ikaniuliza kama iunde mpangilio mpya. Nilidhani inauliza kama ipange vitu vyangu vizuri. Nikajibu ndiyo. Taa zilipoanza kupepesa nilifurahi, niliona mashine imeshika kazi. Nilikuwa najisifia moyoni kwamba Mama atarudi, tarehe 30 itafika, na hakuna atakayejua kulikuwa na tatizo. Hofu yangu yote ilikuwa hiyo, Mzee, kwamba tarehe 30 itaahirishwa.

Jumapili simu yangu iliita mara nne kutoka namba nisiyoijua. Niliiacha iite. Nilidhani ni Mama anapiga kwa simu ya watu, na mimi sikuwa na uongo tayari. Siku hiyo skrini ilikuwa imefika sitini na tatu.

Nimepiga hesabu, na natamani nisingeijua. Mafaili ni mia tatu na themanini, yamejaza diski pomoni, na yamewekwa kwa namba. La kwangu ni la mia mbili na kumi na mbili, kwa hiyo lilifutwa kabla ya Jumapili, simu ile isingeliokoa. Ile simu ilikuwa ya kuwaokoa wadogo. Wale wa vitanda kumi na kimoja na dada zao. Kama ningeinua mkono tu.

Lakini Mzee, nakala zipo! Nimelikumbuka daftari lako la matengenezo, nimelitoa, liko mbele yangu. Kila Desemba, miaka mitano mfululizo, umeandika kwa mkono wako: "Nakala imechukuliwa", na sahihi yako chini. Ziko wapi? Umezihifadhi kwako? Niambie tu ziko wapi, nitakuja kuzichukua kwa miguu.

Karani


Nyumbani
Jumamosi, 13 Machi

Mwanangu,

Usijipige kifua sana. Kosa ulilofanya nimewaona watu wazima wenye vyeti ukutani wakilifanya, na wengine walimwaga unga siku hiyo hiyo. Kufuta vumbi ni tabia nzuri, hukufanya kwa ubaya.

Sasa sikiliza. Ile asilimia sita iliyobaki, mwishoni mwa diski, haijaguswa. Tafuta kadi ya kampuni ile ile ya zamani, namba yake imechapishwa kwenye ubavu wa ile iliyoungua. Usizirudishe diski mwenyewe. Pale mjini, nyuma ya benki, kuna kijana mfupi ana duka la kurekebisha kompyuta, mwambie umetumwa na mimi. Azinakili diski kwanza neno kwa neno, afanye kazi juu ya nakala, na ajaribu mipangilio mmoja baada ya mwingine. Atapata vichache. Usitegemee vingi.

Mvua imeanza huku. Paa letu linavuja jikoni na mke wangu ameweka sufuria tatu chini. Daktari amebadilisha dawa. Siku hizi akimaliza kunipima hutoka nje kuongea na binti yangu, mlango wakaurudisha nyuma yao.

Kuhusu mengine tutaongea.

Mzee Waya


Ofisi ya Kumbukumbu
Jumatano, 31 Machi

Mzee Waya,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo, na si zuri.

Kadi ya kampuni ile ile imepatikana, Bampa aliiona kwenye rundo la vyuma chakavu akaibeba kama yai. Fundi wako mfupi ameifanyia kazi wiki mbili. Kadi ilipowashwa haikumkuta mgeni wala mwenyeji, mwandiko wa mwishoni mwa diski ulishaandikwa juu yake na ile kadi nyingine siku ya kwanza kabisa. Akaanza kujaribu mipangilio mia saba na ishirini. Kila asubuhi nilikuwa napita dukani kwake kabla ya kazi, akanyanyua kichwa, akakitikisa, nami nikaendelea na njia. Mwishowe ameokota vipande kumi na kimoja vya picha. Si picha, Mzee, vipande. Kila kimoja kina ukanda wa juu tu na chini yake ni kijivu kitupu. Kimoja kina ukingo wa meza. Kimoja kina kona ya shuka la maua. Na viwili vina kidole gumba cha mtu kimeibana karatasi isipeperuke, chenye kovu la kuchomwa na mashine ya kulehemu. Nimekijua ni chako. Kwenye mashine nzima, ya watoto mia tatu na themanini, hata uso mmoja haukupona, kimepona kidole chako.

Mama Mlezi amerudi tarehe kumi na saba. Nilimwambia siku hiyo hiyo, kabla hajavua viatu. Hakunipigia kelele. Alikwenda akakaa kwenye kitanda kimoja cha wale wadogo, katika chumba kile, akatazama kuta kama anatafuta makabati yalipokuwa. Kisha akasema, "Tulichoma karatasi zenyewe." Akalisema mara mbili. Tangu siku hiyo anakula peke yake.

Wakubwa tumewaambia. Kuna mmoja amebakiza miezi minne kufika ishirini na tano, anashona nguo mjini. Alikuja na keki. Alikuwa hajasikia. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuweza kumkaribisha ndani.

Na jana ilikuwa tarehe 30. Nilivaa gauni langu jipya, kwa sababu nilishalinunua. Nikafungua ofisi, nikakaa mbele ya skrini iliyozimwa mpaka saa ya kutoka. Mama Mlezi alipita dirishani, akaniona, akaendelea.

Sasa nakuuliza tena, na safari hii usizunguke mbuyu. Kabati la chini hapa ofisini, ambalo ufunguo ulikuwa nao wewe tu, nimelivunja kufuli nikidhani ndilo la nakala. Ndani nimekuta kasha moja, na ndani ya kasha waya na karatasi ya dhamana ya feni. Nakala ziko wapi, Mzee?

Karani


Nyumbani
Jumamosi, 10 Aprili

Mwanangu Karani,

Hazipo. Hazikuwahi kuwepo.

Mwaka wa kwanza nilijaribu. Ilichukua Jumamosi nzima, na jioni mashine ikakataa ukingoni kabisa, ikatema kosa nisilolijua. Mama Mlezi alikuwa anataka daftari ili awaonyeshe wageni. Nikaandika "Nakala imechukuliwa", nikijua Jumatatu nitarudia. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Mwaka wa pili nikaandika tena ili maneno ya mwaka wa kwanza yasionekane uongo. Baada ya hapo mkono ulikuwa umezoea.

Na zile diski sita zilinilevya. Unakumbuka mwaka wa tatu moja ilikufa, nikaweka mpya, na hakikupotea hata kipande? Mama alinisimamisha mbele ya watoto wote wakanipigia makofi. Nikaamini kwamba kitu kinachoweza kuvumilia kifo cha diski kinaweza kuvumilia chochote. Kumbe hiyo na nakala ni vitu viwili tofauti, na mimi nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nawafundisha wengine. Ni mimi niliyemwambia Mama karatasi zichomwe. Nilisema watoto watazichungulia, mchwa watazila, chumba kinahitajika. Ni mimi niliyesimama na fimbo nikigeuza moto ili ziungue vizuri katikati, na zilizokuja baadaye tukazichoma kila mwisho wa mwaka. Wewe ulijibu ndiyo mara moja kwa kutokujua. Mimi nilijibu ndiyo miaka mitano huku najua. Barua iliyopita nilishindwa kukuandikia haya, nikakuandikia habari za paa. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usijibebeshe mzigo huu peke yako. Nimemwandikia na Mama Mlezi maneno haya haya.

Kuna jambo jingine, na nalo ni kosa, ila hili nashukuru nililifanya. Nilipokuwa nazipiga picha zile karatasi nilimwapia Mama kwamba sitasoma. Mafaili yote yale yamepita mkononi mwangu na sikusoma. Moja tu nililisoma. Lilikuwa lako. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulikuwa unaniletea maji ya kunywa na maswali mia moja, na siku faili lako lilipofika juu ya meza nilishindwa, nikafunga mlango nikalisoma.

Kulikuwa na soksi moja ya kijani, ya kufumwa kwa mkono, ndogo kama kidole changu. Moja tu, ya mguu mmoja. Na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, yenye mistari, imeandikwa kwa penseli: "Analala upande wa kushoto. Msimgeuze." Hakuna jina wala tarehe. Hayo tu.

Uliniuliza kama aliacha neno. Aliacha. Nimelifikiria miaka yote hii, kwamba mtu aliyeandika hivyo alikuwa amekaa akimtazama mtoto akilala, si mara moja wala mbili. Huwezi kuyajua hayo kuhusu mtoto usiyempenda. Siku hizi vitu vingi vinanitoka kichwani, jina la daktari wangu nalisahau akiwa amesimama mbele yangu. Hili sijalisahau. Nililitunza nikijua siku yako ikifika utalisoma mwenyewe na mimi sitahitajika. Sasa pokea, ndiyo nakala pekee niliyowahi kuchukua.

Sidhani nitaandika barua ndefu tena. Kalamu inaniponyoka, unaona mwenyewe.

Mzee Waya


Makao
Ijumaa, 16 Aprili

Kaka Bampa,

Nimekutafuta gereji hukuwepo, nakuachia hii kwenye kiti. Ndani nimeweka barua ya Mzee Waya. Soma ukurasa wa mwisho, kisha nyanyua macho uangalie juu ya usukani.

Ni yako. Soksi ni yako, penseli ni yako, maneno ni yako, hata mistari ya daftari. Sote wawili tulikuwa tunampelekea maji pale mezani, mimi namba 212, wewe 211. Sijui alichanganya siku ile au amechanganya sasa. Hadanganyi, Bampa. Anaamini kabisa. Nimesoma ukurasa ule nikalia kwa furaha kama nusu dakika nzima, kabla sijakumbuka nimeyaona wapi maneno yale. Ile nusu dakika sitaipata tena maishani.

La kwangu hakuna aliyelisoma, basi. Hata yeye. Limekwenda na ndivyo lilivyo. Mimi hulala kifudifudi tangu nikiwa mchanga, Mama Mlezi anasema alikuwa akinigeuza kwa kuogopa nitakosa pumzi.

Nisikilize sasa. Kesho unampelekea Mzee blanketi na dawa, na jibu langu hili hapa kwenye bahasha iliyofungwa. Binti yake ameniambia stendi kwamba hospitali wamemrudisha nyumbani na hawakumpa tarehe ya kurudi. Ing'oe hiyo picha kabla hujaanza kupanda mlima. Unajua tabia yake, hata akiwa hoi atataka kutoka nje akusindikize, ataegemea dirisha la gari, atakagua kila kitu. Iweke mfukoni mwa shati, ufunge kifungo. Usiikunje. Ya kwako imebaki kwa sababu ulichapishiwa, na wewe ndiye wa mwisho aliyewahi.

Akikuuliza, mwambie nimefurahi mno. Na uendeshe polepole, mara moja tu maishani mwako.

Dada yako,
Karani


Makao
Ijumaa, 16 Aprili

Mzee Waya,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi.

Kuhusu nakala, siwezi kukusamehe kwa niaba ya wale wengine, na wao hawawezi kunisamehe mimi kwa sababu wengi bado hawajafika umri wa kujua walichopoteza. Watakuwa wanakuja mmoja mmoja, kila mwaka, na mimi nitakuwa hapa mlangoni nikiwaambia. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Mama Mlezi ameisoma barua uliyomwandikia yeye, ameiweka mahali pa daftari la matengenezo.

Lakini kati yako na mimi, Mzee, yamekwisha. Usiyabebe tena.

Na kuhusu soksi na ile karatasi, asante kwa kuvunja kiapo. Uliniambia hujalisahau, nami nakuthibitishia. Lilikuwa faili langu, hakuna shaka kabisa. Mpaka leo nalala upande wa kushoto, na mtu akinigeuza naamka.

Pumzika.

Mwanao,
Karani